Lubumbashi na Kitwe: kilometa 190, lakini masaa ngapi?

Ukimuuliza mtu wa Lubumbashi kama Kitwe ni mbali, atakuambia: "Kitwe? Njo pale tu." Na hasemi uongo. Chukua karte na rula, pima kutoka Lubumbashi mpaka Kitwe: ni karibu kilometa 150 kwa mstari ulionyooka, vile ndege anaruka. Kinshasa, mji mkuu wa inchi yetu, iko mbali mara kumi kupita hapo. Kwa barabara, kupitia Kasumbalesa, Chililabombwe na Chingola, ni karibu kilometa 190. Motokari nzima, dereva mwenye akili, njia wazi: masaa matatu na nusu, umefika.

Hesabu hiyo ni ya kweli kwenye karatasi. Mimi ilinikosesha kumzika kambo yangu.

Siandiki habari hii kwa kulia. Mimi ni mchimbaji na ni delege wa sendika, na wandugu wengi mu mine wana watu wao ngambo ya mpaka: mama, shangazi, yaya, mtoto anayesoma kule. Tukisema kilometa, mkubwa wa kazi anasikia kitu kimoja. Tukisafiri, tunakuta kitu kingine. Ni lazima tujue kuhesabu safari hii vizuri, sababu siku moja simu italia kwako vilevile.

Simu ya siku ya pili

Kwangu ililia siku ya pili, karibu saa nne ya usiku. Alikuwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayekaa Wusakile, ile kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mine ya Nkana, ndani ya Kitwe.

"Yaya, kambo ametuacha. Tutamuzika siku ya ine, mbele ya saa sita. Jikaze ufike."

Kambo njo alimzaa mama yangu, pale pale Wusakile. Mama aliolewa na baba, akavuka, akaishi huku kwetu mpaka leo. Kambo alibaki. Tukiwa watoto tulikuwa tunakwenda kwake wakati wa likizo kubwa, na Kibemba kidogo ninachojua kilitoka mdomoni mwake. Mama mwenyewe sasa miguu inamuuma, hawezi tena safari ile. Aliniambia maneno machache tu: "Enda wewe, mwanangu. Unitilie udongo kwa mkono wako."

Siku ya tatu, saa moja ya asubuhi, nilikuwa mbele ya ofisi ya mkubwa wa wafanyakazi. Alinipa pole, na alinipa kwa moyo, sitamsingizia. Kisha akafungua kitabu cha sheria. Kambo ni ndugu wa daraja la pili: siku mbili.

"Leo na kesho," akasema. "Siku ya tano asubuhi uko kazini."

Nikamwambia: "Chef, ni Zambia."

Akajibu: "Kitwe ni kilometa mia moja makumi tisa. Mimi siku ya posho ninaenda Likasi na kurudi. Ni mia mbili makumi ine, na ninalala kwangu. Wewe unapewa siku mbili."

Nilikosa jibu. Kwa hesabu ya kilometa, alikuwa na haki. Karatasi yangu ilitiwa sahihi saa ine na nusu, na siku ya kwanza ilikuwa imekwisha kuliwa nusu.

Vile safari ilikwenda

Nilipita nyumbani kuchukua pasiporti na nguo moja. Mama ya watoto alikuwa amekwisha kunifungia chakula. Pale taksi za Kasumbalesa zinajazia watu, nilingoja mpaka nafasi ya mwisho ilipate mtu wake. Tukatoka saa saba ya mchana.

Toka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni karibu kilometa 90. Barabara ni ya lami, tunailipia péage, na siku ile tulikimbia vizuri. Kilometa kama sita mbele ya kufika, tukasimama. Makamyo. Yamejipanga mbele yetu mpaka macho yanachoka, mengine yamezima moteri, madereva wamekaa chini yake wanapika. Dereva wetu alijaribu kupita kandokando, akakuta wengine wamejaribu mbele yake na wamefungana. Nilishuka, nikachukua moto, nikafika mbele ya maofisi saa kumi.

Pale nilikamatwa na jina langu mwenyewe. Sisi Wakongomani tuna nom, tuna postnom, tuna prénom. Pasiporti yangu ina yote matatu. Karte yangu ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, muuguzi aliandika mawili tu, na mimi sikuangalia. Ofisa akaniambia: "Papa, jina la huku na jina la kule si moja. Nani anajua kama karte ni yako?" Nikamuonyesha ujumbe wa kilio. Akasema mwenye kuamua ametoka, ningoje. Niligojea mpaka giza. Mwenye kuamua hakurudia siku ile.

Nililala Kasumbalesa, chumba cha franga kidogo, makelele mengi. Siku ya ine asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Saa tatu wakanipitisha. Upande wa Zambia kulikuwa mustari mwingine, nikatoka saa ine na nusu. Minibasi nayo ilingoja ijae. Chililabombwe, Chingola, kisha ile barabara nzuri ya njia mbili mpaka Kitwe. Niliingia Wusakile saa saba na robo.

Watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini. Walikuwa wamepanga mustari mlangoni, wananawa mikono.

Mdogo wangu alinikumbatia. "Yaya, tulikungojea mpaka saa tano na nusu. Pasta alisema hatuwezi tena."

Nilimuomba anipeleke kule. Nilitia udongo kwa mkono wangu juu ya kaburi lililokwisha kufungwa, nikapiga foto kwa ajili ya mama. Tuliporudi wakanipa bukari, ile wao wanaita nshima, nikala mara mbili tatu. Saa kumi nilikuwa tena kituoni, sababu siku ya tano asubuhi ilikuwa inanifuata.

Nilivuka usiku, na usiku taksi za Lubumbashi hazikuwa tena. Nililala kwenye benchi. Taksi ya kwanza ilikawia kujaa, tukatoka na jua limepanda. Mlangoni mwa mine nilifika saa ine ya asubuhi. Walikwisha kuandika kwamba sikuja kazini. Siku ile ilikatwa mu mshahara, na juu yake nikapewa ile barua tunayoijua wote, demande d'explication.

Masaa 45

Nilipokaa kujibu barua ile, nilifanya hesabu ambayo nilikosa kuifanya mbele ya mkubwa. Toka siku ya tatu saa saba ya mchana mpaka siku ya tano saa ine ya asubuhi ni masaa 45. Kati ya hayo, masaa ya kutembea barabarani, kwenda na kurudi, ni karibu saba. Masaa niliyokaa na ndugu zangu kwenye kilio hayakufika matatu.

Masaa 35 yanayobaki yalikwenda wapi? Yalikwenda kwa kungoja. Kungoja taksi ijae, kungoja makamyo yasogee, kungoja mtu atie muhuri, kungoja asubuhi.

Hapo njo nilielewa kosa letu. Tunapima safari ya Kitwe kwa kilometa, sawa vile tunapima ya Likasi. Lakini kati ya Lubumbashi na Likasi hakuna mpaka. Ile kilometa moja ya katikati, pale Kasumbalesa, ina uzito kupita zote 189.

Ni nini inakula masaa

Ya kwanza ni makamyo. Kasumbalesa ni mlango mkubwa wa shaba ya Katanga. Shaba na kobalti vinatoka hapo kwenda bandari za mbali, Durban upande wa kusini na Dar es Salaam upande wa mashariki. Kupitia mlango huohuo tunaletewa sufuri na chokaa vya viwanda, mafuta, mashini, na unga wa mahindi wa bukari yetu. Mtu mwenye kilio, mama mwenye mgonjwa na kamyo ya tani makumi wanatumia barabara moja. Niliposhuka kwenye taksi siku ile nilipita kwa miguu kando ya makamyo yaliyobeba vibao vya shaba, vimefungwa vizuri na mikanda. Pengine vingine vilitoka kwetu. Shaba tuliyochimba sisi wenyewe njo ilikuwa inatufungia njia.

Ya pili ni maofisi. Kuvuka mpaka mmoja ni kutoka katika inchi moja na kuingia katika nyingine: uhamiaji, afya, duwane, kisha tena uhamiaji, afya, duwane. Kila mlango una karatasi yake, na karatasi moja ikiwa na kasoro, milango yote inasimama.

Ya tatu ni kubadilisha motokari. Huku kwetu tunatembeza kwa mkono wa kuume. Zambia wanatembeza kwa mkono wa kushoto. Pale mpakani magari yanabadilisha upande, na mtu asiye na motokari yake anashuka kwenye taksi ya huku, anavuka kwa miguu, anatafuta minibasi ya kule. Maana yake unangoja mara mbili watu wajae. Na franga unaiacha nyuma, unatafuta kwacha.

Wengine wanafikiri kuna pia tofauti ya saa. Hapana. Lubumbashi na Kitwe zina saa moja. Ikiwa saa sita ya mchana kwetu, ni saa sita kwao. Kinshasa njo iko nyuma kwa saa moja. Kwa jua tuko pamoja na ndugu zetu wa Kitwe kupita vile tuko pamoja na mji mkuu wetu.

Na kuna siku ambazo mlango unafungwa kabisa. Mnakumbuka mwezi wa nane wa mwaka 2024. Kongo ilikuwa imekataza kuingiza bia na vinywaji vya sukari kutoka inje, huku kwetu kukawa na maandamano ya kupinga, na Zambia ikafunga mipaka mitatu, Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, kwa siku kadhaa. Magazeti yalihesabu makamyo. Hakuna aliyehesabu watu waliokuwa na mgonjwa au maiti upande mwingine.

Nani alituweka pande mbili?

Mkubwa mmoja aliniuliza, bila ubaya: "Lakini ninyi, juu ya nini ndugu zenu wako Zambia?" Swali ni zuri. Jibu liko katika historia ya mine yenyewe.

Mpaka huu ulipangwa mwaka 1894, kati ya Waingereza na watu wa mfalme Léopold II. Walifuata mgongo wa inchi unaogawanya maji: maji yanayokwenda mto Kongo upande huu, yanayokwenda Zambezi upande ule. Walamba walikuwa pande zote mbili, na hawakuulizwa.

Kisha reli ikaja. Reli ilitoka kusini, ikapita Ndola, ikaingia kwetu kwa Sakania, na mwaka 1910 ikafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Toka Sakania mpaka hapa ni kilometa 255 za chuma. Mwaka uliofuata, 1911, shaba ya kwanza ilitoka mu kiwanda cha Lubumbashi. Na nani alichimba? Union Minière ilikwenda kutafuta watu Rodezia ya Kaskazini, ile leo ni Zambia, na watu walikuja kwa maelfu. Wakati wa shida ya dunia ya miaka ya 1930, wengi walirudishwa. Kule kwao mine za Nkana, Mufulira na zingine zilikuwa zinafunguliwa. Wengine walikuwa wameoa huku. Wengine waliacha watoto.

Na watu wa pande mbili walifundishwa na kazi moja. Mwaka 1940 wachimbaji wa Nkana na Mufulira waligoma, risasi zikapigwa, watu wakafa. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma Élisabethville, na wao pia wakapigwa risasi. Kati ya mgomo ule na huu haukupita hata miaka miwili.

Kwa hiyo, ukiona mchimbaji wa Lubumbashi ana kambo Kitwe, usifikiri ni mtu aliyependa kutangatanga. Kazi ya shaba njo ilichukua watu wa ukoo mmoja, ikawapanga pande mbili za mpaka. Kazi hiyohiyo ikihesabu siku za kilio, ihesabu na mpaka.

Njia zingine

Wengi wananiuliza kama hakuna njia ya kukwepa Kasumbalesa. Kuna. Mokambo inakutokeza Mufulira, na toka Mufulira mpaka Kitwe ni karibu kilometa 40. Sakania inakutokeza Ndola, na toka Ndola mpaka Kitwe ni karibu kilometa 60. Kwa mwenye ndugu Solwezi, Kipushi iko karibu na sisi, kilometa 30 tu toka Lubumbashi.

Lakini usiende kwa kusikia tu. Karte haionyeshi matope. Uliza dereva aliyepita wiki hiyohiyo, zaidi wakati wa mvua, na uliza kama kuna usafiri wa watu siku unayotaka. Njia yenye mustari mfupi ambayo haina motokari si njia fupi.

Sheria inasema nini

Tuisome wenyewe, tusingoje kusomewa. Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka 2002, inatoa konje ya matukio ya nyumbani. Kama amekufa mume au bibi, ao ndugu wa daraja la kwanza, ni siku 4 za kazi. Daraja la kwanza ni baba, mama, mtoto, pamoja na baba mkwe na mama mkwe. Kama ni ndugu wa daraja la pili, ni siku 2. Hapo njo kuna kambo, mjukuu, kaka, dada, shemeji.

Siku hizo ni kiasi cha chini. Sheria inaweka sakafu, haikuweka dari. Makubaliano ya kazi kati ya kampuni na wafanyakazi, ile convention collective, yanaruhusiwa kuongeza. Mkubwa akikuambia "sheria inakataza zaidi," mjibu kwa heshima kwamba sheria inakataza kupunguza tu.

Kwa mtu anayezika Lubumbashi, Kipushi ao Likasi, siku 2 zinatosha kwa shida. Kwa anayezika Kitwe, siku 2 ni safari, si kilio.

Tunaomba nini

Sisi madelege wa kwetu tulipeleka mambo matatu mezani.

La kwanza: kwa kilio cha inje ya inchi, siku ya kwenda na siku ya kurudi zihesabiwe mbali na siku za kilio. Kambo amekufa Kitwe: siku moja ya kwenda, siku mbili za kilio, siku moja ya kurudi. Hatuombi sikukuu. Muhuri wa pasiporti utaonyesha siku mtu alivuka na siku alirudi. Asiyevuka asihesabiwe.

La pili: ruhusa ya kilio isingoje ofisi ifunguke. Mkubwa wa zamu aweze kuiandika usiku uleule. Mimi nilipoteza asubuhi nzima kwa sahihi moja. Kama ningetoka saa kumi na moja ya asubuhi, ningekuwa mpakani mbele ya makamyo kuamka, na hata kwa shida ile ya karte ningekuwa na mchana mzima wa kumtafuta mwenye kuamua.

La tatu: mtu akikawia mpakani na ana alama ya kuonyesha, asikatwe siku wala kupewa barua kama mtoro. Aulizwe kwanza.

Mkutano ulikuwa mrefu. Mkubwa yule wa hesabu ya Likasi alikuwa pale. Akauliza: "Ninyi mnataka kuniambia Kitwe ni mbali kupita Kinshasa?"

Nikamjibu: "Chef, mwezi uliopita ulikwenda Kinshasa. Ulipanda ndege asubuhi, ukala mchana kule, haukuonyesha pasiporti mpakani. Mimi nilikwenda Kitwe nikalala kwenye benchi. Kwako Kinshasa ni karibu. Kwangu Kitwe ni masaa 35 ya kungoja, na saba ya kutembea."

Watu walicheka, yeye pia. Kisha akanyamaza, akaandika kitu mu kaye yake.

Mpaka leo makubaliano hayajatiwa sahihi. Lakini barua yangu ya maelezo iliondolewa mu dosie, na siku yangu ilirudishwa. Na mwezi uliofuata ndugu mmoja wa kiwanda, aliyefiwa na dada yake Ndola, alipewa siku ine. Haikuandikwa bado mahali popote kwamba ni haki. Ilitolewa kama huruma. Sisi tunataka iandikwe, sababu huruma inabadilika mkubwa akibadilika.

Mbele ya kutoka

Wakati tunangoja, wandugu na wamama, tuchunge yale yaliyo mkononi mwetu.

Leo, wakati hakuna kilio, weka pasiporti na karte ya njano kandokando. Soma majina, herufi kwa herufi, nom, postnom na prénom. Ukiona kasoro, itengeneze sasa. Fanya vile kwa bibi na watoto pia. Pasiporti inayokaribia kufa, usingoje ife.

Piga foto ya karatasi zote, uweke mu simu, na umtumie mtu mmoja nyumbani.

Simu ya kilio ikilia, uliza mambo mawili kabla ya kulia: wanazika siku gani, na saa ngapi. Waambie ukweli kwamba utakawia, waone kama wanaweza kusogeza. Sisi tulisema tu "ninakuja," na wao wakafikiri Kitwe njo pale tu, sawa vile sisi tunafikiri.

Omba ruhusa kwa maandiko, na uandike ndani jina la mji na la mpaka utakaopita. Usiandike "kilio" peke yake.

Toka Lubumbashi na giza, saa kumi na moja. Ukifika Kasumbalesa mchana, hesabu kwamba unaweza kulala pale, uchukue franga ya chumba na ya chakula.

Na kila safari, andika: saa niliyotoka, saa niliyofika kwenye mustari, saa niliyotoka ofisi za huku, saa niliyotoka ofisi za kule, saa niliyofika. Mistari mitano tu. Uilete kwa delege wako. Kampuni ina hesabu ya kila kamyo inayokawia, na inajua kila siku ya kamyo ni bei gani. Sisi hatuna hesabu ya watu. Siku tukiwa nayo, mazungumzo mezani yatabadilika.

Mama aliitazama ile foto ya kaburi kwa muda mrefu. Hakunilaumu. Aliuliza tu: "Ulifika saa ngapi?" Nikamwambia saa saba na robo. Akasema: "Basi ni mpaka njo ulikukawisha, si wewe."

Wandugu, mtu akikuuliza tena Kitwe ni kilometa ngapi, mjibu kwa masaa.